UZI: Kuseti shokapu na jiometri ya pikipiki kwa treki. Anza na futi, bisibisi baadaye

Spana_Kumi (mwanzisha uzi)

Wadau wa magurudumu mawili, salaam.

Siku ya treki (uwanja wa mbio) ikikaribia, inbox yangu hujaa swali moja: "Mkuu, niweke kliki ngapi?" Kliki ni hatua za skrubu za kuseti shokapu. Mtu ana R6 au R3 yake, zile pikipiki za spoti za Yamaha, ameokota mtandaoni seti ya jamaa anayekimbia Uingereza au Uhispania, anataka kuinakili namba kwa namba aende nayo Athi River. Mimi humrudishia maswali mawili. Una kilo ngapi ukiwa umevaa kila kitu? Na ukikaa juu ya pikipiki, inabonyea milimita ngapi mbele na ngapi nyuma? Wengi hapo hunyamaza. Sasa utachezaje na kliki na hujui springi imekaa wapi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili atakayepinga apinge. Springi, pamoja na kimo cha pikipiki mbele na nyuma, ndivyo vinavyoamua kona yako. Kliki ni za kumalizia. Anayeanza na bisibisi anameza dawa ya malaria kabla ya kutolewa damu.

Sagi

Sagi ni kiasi shokapu inachobonyea kwa uzito tu, pikipiki ikiwa imesimama. Ziko mbili: sagi ya pikipiki yenyewe bila mtu, na sagi ya mpanda, yaani wewe ukiwa juu na vazi lote. Vazi usilidharau. Ngozi, buti, helmeti, glavu na kinga ya mgongo vinaweza kukuongezea kilo kumi bila wewe kujua.

Kupima kunahitaji watu watatu, futi ya chuma na kipande cha tepu. Tuanze nyuma. Bandika tepu kwenye mkia, wima juu ya ekseli. Watu wawili wainue mkia mpaka shokapu inyooke yote, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye tepu. Tuseme umepata 560 mm. Sasa panda, miguu kwenye pegi, kifua karibu na tangi kama unavyokaa ukiendesha, mwenzako mmoja akishika usukani kwa mbele bila kuuegemea. Wa tatu abonyeze mkia, auachie uinuke polepole, apime: 527. Halafu auinue kidogo, auachie ushuke polepole, apime tena: 533. Chukua katikati, 530. Toa kwenye 560, sagi yako ya mpanda ni 30 mm.

Zile 6 mm kati ya vipimo viwili ni msuguano wa sili, bushi na linkeji, yaani vipande vinavyounganisha shokapu ya nyuma na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Ndiyo maana kupima mara moja hakutoshi. Mbele unafanya vilevile, ila unapima urefu wa ile sehemu ya shokapu inayong'aa, kutoka kwenye sili mpaka inapoishia. Ukiona tofauti mbele ni kubwa, kama 15 mm, usiendelee kuseti. Angalia kama sili zimekauka, kama bomba limepinda, au kama ekseli ilikazwa shokapu zikiwa hazijakaa sambamba. Hili la mwisho ni la kawaida mno baada ya kubadilisha tairi. Legeza bolti za kubana ekseli, bonyeza mbele mara kadhaa bila kushika breki, shokapu zijipange zenyewe, ndipo ukaze.

Kwa treki mimi hulenga sagi ya mpanda 30 hadi 35 mm mbele na 25 hadi 30 nyuma. Sagi ya pikipiki yenyewe nyuma ibaki 5 hadi 10.

Hapo kwenye uhusiano wa hizo namba mbili ndipo penye siri. Ukibana springi ya nyuma mpaka ukapata 30 ya mpanda, kisha ukishuka pikipiki inarudi juu yote, sagi yake 0 au 2, springi hiyo ni laini kwako. Umeibana sana ili ibebe mwili wako. Kinyume chake, mpanda 30 lakini pikipiki yenyewe imezama 18, springi ni ngumu kupita kiasi na umelazimika kuilegeza. Na tafadhali, tuache kusema "nimekaza springi ikawa ngumu." Springi ya 95 N/mm itabaki 95 N/mm hata ukiibana mpaka nyuzi ziishe. Kuibana kunainua pikipiki na kubadilisha uzito unaohitajika ili ianze kubonyea. Ugumu ukitaka, nunua springi nyingine.

Jiometri

Mlalo ni jinsi shingo ya usukani ilivyoinama kutoka wima. Treili ni umbali, chini kwenye lami, kati ya pale mstari wa shingo ungegonga ardhi na pale tairi inapogusa. Treili ndiyo inayolirudisha gurudumu katikati. Ikiwa nyingi, pikipiki inatulia lakini inakuwa nzito kugeuza. Ikiwa chache, inageuka haraka lakini mikono inaanza kutetemeka ukifungua mafuta juu ya tuta.

R6 ina mlalo wa digrii 24 na treili ya 97 mm. R3 ina digrii 25 na 95 mm. Angalieni hapo: R3 imelala zaidi lakini treili yake ni fupi, kwa sababu kuna kitu cha tatu, yaani umbali kati ya shingo na shokapu kwenye vibano, vile vipande viwili vinavyoshika shokapu za mbele. Kwa hiyo mtu akikutajia mlalo peke yake, hajakuambia kitu.

Sasa hesabu kidogo. Umbali kati ya ekseli za R6 ni kama 1,380 mm. Ukipandisha mabomba ya shokapu 5 mm ndani ya vibano, mbele ikashuka, mlalo unabadilika kama digrii 0.2 na treili inapungua milimita moja na kidogo. Ukiinua nyuma 10 mm kwenye ekseli, ni digrii 0.4 na treili 2.5 hivi. Inaonekana ndogo, na mpanda makini anaisikia. Kwenye pikipiki zenye linkeji ya karibu mbili kwa moja, 5 mm za urefu wa shokapu ya nyuma huwa 10 mm kwenye ekseli, kwa hiyo usiongeze washa (pete za kuinua shokapu) kwa kubahatisha.

Lakini fikiria unapofunga breki. Mbele inabonyea 60 mm zaidi ya ilipokuwa, nyuma inainuka 25. Piga hesabu ileile: mlalo umepungua zaidi ya digrii 3. Ile 24 ya kwenye karatasi umeiacha kwenye mnyoofu; unaingia kona na 21 au chini. Sasa wewe unagombana na digrii 0.2 kwenye vibano huku springi laini inakutupa digrii nzima kila ukishika breki. Ndiyo maana nasema springi ni jiometri. Jiometri ya kwenye kitabu ni ya pikipiki iliyosimama stendi, na hakuna anayepiga kona akiwa stendi.

Nyuma nako kuna jambo ambalo watu husahau: pembe ya swingamu. Ukifungua mafuta, cheni huvuta, na swingamu iliyoinama vizuri kuelekea chini husaidia nyuma isikae sana. Ukishusha nyuma ili miguu ifike chini, unaipunguza pembe hiyo. Matokeo yake pikipiki inakaa kwenye mkia wakati wa kutoka kona, mbele inakuwa nyepesi, na unabebwa nje mpaka ukingoni. Mtu anadhani tatizo ni tairi ya mbele, wakati chanzo kiko nyuma.

Kliki

Fupi tu. Ribaundi ni kasi ya shokapu kurudi. Kompresheni ni kasi ya kubonyea. Kliki huhesabiwa kutoka kufunga: zungusha kulia polepole mpaka ikome, bila nguvu, ukihesabu, uandike, ndipo urudishe. Anza na namba za kiwandani zilizo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Badilisha kitu kimoja, kliki mbili, toka, rudi, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo ukaona nafuu, hujui ni kipi kilichokusaidia.

Ribaundi ikiwa polepole mno, shokapu haiwahi kurudi kabla ya mtikisiko unaofuata, inazidi kuzama tu, na utahisi pikipiki imekuwa ngumu wakati ukweli ni kwamba imeishiwa nafasi. Ikiwa ya haraka mno, mbele inaruka ukiachia breki na tairi inapoteza uzito palepale unapoihitaji.

Maswali yaje.

---

Kona_Kali

Mkuu umetema madini. Lakini mimi nilishusha mbele 10 mm kwa ushauri wa fundi na pikipiki inageuka safi ajabu. Shida moja tu, nikitoka ile kona ya mwisho nikafungua mafuta, usukani unanipiga mikono. Fundi anasema ninunue stelingi dampa, kile kifaa cha kutuliza usukani.

---

Spana_Kumi

Bro, stelingi dampa itaficha dalili. Wewe umetoa digrii 0.4 na treili zaidi ya 2 mm, halafu ukifungua mafuta mbele inakuwa nyepesi juu ya lami isiyo sawa. Rudisha nusu, ibaki 5. Ukiona bado inageuka vya kutosha, umemaliza. Ukiona inakataa kuingia, uniambie inakataa wapi: ukiwa bado na breki, katikati, au ukitoka? Hizo ni shida tatu tofauti na kila moja ina dawa yake.

Na kabla hujarudi treki na hiyo 10 mm: umeangalia kama shokapu ikibonyea yote, madgadi haigusi radieta? Toa springi au legeza kofia ya juu ya shokapu, bonyeza mbele mpaka mwisho kwa mkono, uangalie kwa macho. Hii ya kushusha bila kuangalia inaua watu.

Tairi ya nyuma ni saizi gani?

---

Kona_Kali

180/60. Duka halikuwa na 55.

---

Spana_Kumi

Ndiyo hiyo basi. 180/60 ina ukuta mrefu kwa 9 mm kuliko 180/55, hesabu ya kwenye ubavu wa tairi: asilimia 60 ya upana wa 180 badala ya 55. Umeinua nyuma 9 mm na kushusha mbele 10, jumla karibu 19. Mlalo umepungua digrii 0.8 bila wewe kujua. Rudisha mbele palipokuwa kiwandani kwanza, uache tairi kubwa ifanye kazi yake. Mimi naipenda 60 kwa treki kwa sababu ya umbo lake ukilala, ila lazima ihesabiwe.

---

MamaKona

Habari zenu. Nina R3 ya zamani, ile ya shokapu za mbele za kawaida zisizo na skrubu yoyote. Nikivaa kila kitu nina kilo 58. Nilifunga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba la shokapu ili inionyeshe mbele inabonyea mpaka wapi, na baada ya mizunguko michache imesukumwa mpaka mwisho kabisa. Nikishika breki kali mbele inagonga. Kila mtu ananiambia "wewe ni mwepesi, haiwezekani." Na nimepima kama ulivyosema: mbele mpanda 45 mm, pikipiki yenyewe 28. Nyuma 31 na 12, nikiwa kwenye hatua ya chini kabisa ya kubana springi.

---

Spana_Kumi

Dada, asante kwa kuja na namba. Waambie hao kwamba futi haidanganyi.

Nyuma yako iko karibu na panapotakiwa, iache kwa sasa. Mbele ndiko kwenye kazi. Ukianzia umezama 45, na pikipiki hiyo ina safari ya 130 mm mbele, breki kali imebakiwa na 85 tu za kuchezea. Na kumbuka kona za Athi River ni za karibu karibu: unashika breki kali, unageuza, unafungua, unashika tena. Mbele haipati muda wa kupumzika.

Shokapu za aina hiyo kwa kawaida zina kipande cha bomba juu ya springi, chini ya kofia. Tengeneza kingine kirefu kwa 10 mm. Fundi wa mashine Industrial Area anakikata kwa dakika chache, mwambie ncha ziwe mraba na zisiwe na makali. Milimita 10 za bomba zitakupunguzia sagi 10 hivi, utafika 35. Ukifungua kofia uwe mwangalifu, iko chini ya nguvu ya springi. Bonyeza huku ukizungusha, na uso usiwe juu yake.

La pili, mafuta. Si aina tu, na kimo pia. Kimo cha mafuta hupimwa springi ikiwa imetolewa na shokapu imebonyezwa yote, kutoka ukingo wa juu wa bomba mpaka kwenye mafuta. Ukiyapandisha 10 mm unapunguza nafasi ya hewa, na hewa hiyo ikibanwa hugeuka springi ya pili inayofanya kazi mwisho wa safari. Mwanzo wa safari utabaki ulivyo, mwisho utakuwa mgumu. Panda 10, jaribu, uangalie kamba. Ikibaki 10 mm kabla ya mwisho kwenye breki yako kali kuliko zote, simama hapo. Ukizidisha mafuta, sili zitatema.

---

MamaKona

Niweke mafuta mazito zaidi? Dukani Kirinyaga Road wana 10W na 15W.

---

Spana_Kumi

Bado. Mafuta mazito yanapunguza kasi ya kubonyea na kurudi kwa pamoja kwenye shokapu hizo, huwezi kuchagua. Na hizo namba za W si sheria: 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kama 7.5 ya nyingine. Wanaojua husoma cSt (kipimo cha mnato wa mafuta) kwenye nyuzi 40, imeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Bomba na kimo kwanza. Ukishaona springi iko sawa na bado mbele inashuka kwa kasi mno, ndipo tuzungumze mafuta.

---

Boxer_Damu

Nyinyi mnapima milimita. Mimi leo nimebeba magunia mawili ya viazi na mwenye viazi kutoka Githurai. Sagi yangu ni mpaka madgadi.

---

Kona_Kali

😂😂 huyo ndiye bingwa wa treki.

---

Pwani2Nairobi

Kuna kitu hamjagusa na kinatuhusu sisi wa huku juu. Hewa iliyo ndani ya shokapu. Mimi nilinunua pikipiki Mombasa, sili zikabadilishwa hukohuko, nikaja nayo Nairobi. Ikawa ngumu mbele mwanzo wa safari. Kila mtu ananiambia ni mawazo tu.

---

Spana_Kumi

Si mawazo, ndugu. Tupige hesabu. Shokapu ikifungwa usawa wa bahari, hewa ya ndani inabaki na mgandamizo wa kama 101 kPa. Nairobi tuko karibu mita 1,700, hewa ya nje ni kama 83. Tofauti ni 18 kPa, inasukuma bomba nje. Bomba la 41 mm lina eneo la kama 1,320 mm², kwa hiyo ni kama N 24 kila upande, N 48 pande mbili. Springi mbili za 9 N/mm kwa pamoja ni 18. Gawanya: 2.6 mm za sagi. Ndogo, lakini ipo, na mtu wa hisia kali anaijua.

Dawa ni bure. Gurudumu la mbele likiwa hewani na shokapu zimenyooka, legeza kibano cha juu, kisha fungua kofia kwa tahadhari, usikie pumzi, ufunge. Pikipiki nyingi za motokrosi zina skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya kofia kwa kazi hiyo hiyo. Wanaokimbia motokrosi Jamhuri wanalijua hili, sisi wa lami ndio tunasahau.

---

Kona_Kali

Na upepo wa tairi? Wengine wanasema psi 28, wengine 36, wengine "shusha mpaka ishike."

---

Spana_Kumi

Hapa nitakuwa mkali. Upepo ni sehemu ya shokapu, kwa hiyo ukipima sagi na kuseti kliki huku upepo unabadilika kila ukitoka, unajenga juu ya mchanga.

Kwa tairi za barabarani za spoti, kiwandani R6 wanaandika 36 mbele na 42 nyuma. Hizo ni za barabara, mizigo na mwendo mrefu. Treki wengi huanza 30 hadi 32 mbele na 28 hadi 30 nyuma, tairi ikiwa baridi, kisha wanapima ikiwa moto mara tu wanaporudi pitsi. Siyo baada ya kufungua helmeti na kupiga stori. Tairi za mashindano zina namba zake kutoka kwa mtengenezaji, fuata hizo na achana na mimi.

Angalieni pia saa. Julai asubuhi Athi River ni baridi kweli, tuseme nyuzi 12, mchana 22. Nyuzi kumi hizo peke yake zinaongeza upepo kama psi moja na nusu kabla hujaendesha hata mita. Tena ukiegesha juani, upande wa jua unapanda kuliko wa kivulini. Mtu anaweka 30 saa moja asubuhi, saa sita anatoka na 31.5 baridi, halafu anasema "pikipiki imeharibika mchana." Pima kila kipindi, na uiandike saa.

Hiyo ya "shusha mpaka ishike" asubuhi ya baridi ni hatari. Tairi yenye upepo kidogo mno inajikunja kwenye breki, usukani unakuwa mzito, na unaweza kudhani jiometri imekosewa.

---

Mzito98

Mzee, nami nina swali. R6, kilo 98 na vazi. Nyuma springi imeandikwa 95. Nimebana mpaka mpanda 30, pikipiki yenyewe 4. Umesema 5 hadi 10 ni sawa, hii 4 niivumilie au ninunue springi? Nikitoka kona, naona nyuma inakaa, pikipiki inakataa kufunga mstari, inanipeleka nje. Kompresheni nimefunga karibu yote. Springi si bei ya maandazi.

---

Spana_Kumi

Bosi, umeuliza vizuri. Nikupe hesabu utakayoitumia popote.

Tofauti kati ya sagi zako mbili ni 30 toa 4, yaani 26 mm. Hiyo ndiyo mwili wako unavyoibonyeza springi hiyo, na kuibana au kuilegeza hakuibadilishi sana maadamu sagi ya pikipiki haijafika 0. Ikifika 0 hesabu inakufa, kwa sababu hujui springi imebanwa kiasi gani kupita hapo. Sasa wewe unataka 30 na 7, tofauti 23. Springi unayoihitaji ni 95 mara 26 gawanya kwa 23. Ni 107. Springi nyingi za shokapu za nyuma huuzwa kwa hatua za 5, kwa hiyo 105. Linkeji inapinda hesabu kidogo lakini si ya kukupeleka mbali.

Je, 4 inavumilika? Kwa barabara ndiyo. Kwa treki, na dalili ulizotaja, hapana. Springi laini ikikaa chini ukifungua mafuta, nyuma inashuka, mlalo unafunguka, treili inaongezeka, na pikipiki inakataa kugeuka hasa pale unapohitaji igeuke. Na umefunga kompresheni ili kufanya kazi ya springi, sasa tairi haiwezi kufuata matuta madogo. Hakika unaona nyuma inateleza kwenye lami iliyokwaruzika.

Kama fedha hazipo mwezi huu: fungua kompresheni irudi kiwandani, kisha kama shokapu yako ina nyuzi za kurekebisha urefu wake, ongeza 2 mm, ambazo ni kama 4 kwenye ekseli. Kama haina, pandisha nyuma kwa njia nyingine au tulia mpaka springi ije. Usishushe mbele ili kuziba pengo. Utapata kuingia, utapoteza utulivu kwenye breki, na kutoka kwako hakutabadilika sana.

---

Mzito98

Na mbele? Mpanda 39, pikipiki 18.

---

Spana_Kumi

Bana 4 mm, ufike 35 na 14. Tofauti yako ya 21 mbele inavumilika kwa uzito wako, springi za mbele si kilio cha kwanza. Nyuma kwanza.

---

MamaKona

Naleta ripoti. Bomba la 10 mm limewekwa, mafuta yamepanda 10. Sagi ya mpanda 35, pikipiki 18. Kamba imesimama 14 mm kabla ya mwisho. Breki sasa naweza kuishika mpaka ndani ya kona bila mbele kugonga. Ila sasa kona za haraka naona inakuwa nzito kidogo kuigeuza.

---

Spana_Kumi

Safi sana dada. Uzito huo unatarajiwa: mbele imeinuka 10 mm ukilinganisha na ulikozoea, kwa hiyo mlalo umelala digrii 0.4 na treili imeongezeka. Usiirudishe springi. Inua mabomba ndani ya vibano 4 mm. Pima pande zote mbili kutoka ukingo wa bomba lenyewe, usipimie kofia, na ulegeze upande mmoja mmoja, pikipiki ikiwa imeshikiliwa vizuri kwa chini. Bolti kaza kwa spana ya taki (inayopima nguvu ya kukaza) na namba ya kitabu. Vibano vikikazwa kupita kiasi vinaweza kuliharibu bomba.

Umebakiwa na 14 mm, kwa hiyo huna haja ya kugusa mafuta.

---

Boxer_Damu

Siku nikiwa na pesa nitawafuata Athi River. Swali la kweli sasa: shokapu mbili za nyuma, ninabeba abiria mchana na mizigo jioni. Nipime ya nani?

---

Spana_Kumi

Pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida, si ule mkubwa kuliko yote. Weka pande mbili kwenye hatua moja, kushoto na kulia sawasawa, nimeona boda nyingi ziko tofauti na swingamu inajipinda. Mzigo ukizidi, panda hatua moja kabla ya safari, ushuke ukimaliza. Na upepo wa nyuma uangalie kila asubuhi.

---

Mzito98

Springi ya 105 imefika. Nimeiweka, 30 na 7 kama ulivyosema. Lakini kwa kubonyeza kwa mkono naona nyuma inarudi kwa kasi, inapita na kurudi mara moja zaidi kabla ya kutulia.

---

Spana_Kumi

Kawaida. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na ribaundi yako bado ni ile ya 95. Funga kliki mbili. Kompresheni iache kiwandani, usiiguse. Ukitoka mizunguko mitano ya kwanza na tairi zikiwa zimepata moto, angalia kama nyuma inaruka ukiwa kwenye breki. Ikiruka, fungua kliki moja ya ribaundi. Andika namba zote kabla hujaondoka nyumbani, pamoja na urefu wa shokapu na mahali ekseli ya nyuma ilipo kwenye alama za swingamu. Ukikaza cheni gurudumu linarudi nyuma, na hiyo nayo ni jiometri.